Dogo, upepo wa 090 na gurudumu la CRP: kisa cha kufeli Navigesheni mara mbili

Nianze na namba. Hedingi (digrii za dira ambako pua ya ndege inaelekea) 359, graundispidi (mwendo wa ndege juu ya ardhi) 101. Hilo ndo jibu alilonipa dogo ile jioni, kalizungushia duara kwa peni, ana uhakika nalo kama jina lake. Jibu sahihi lilikuwa 021 na 95.

Swali nilikuwa nimelitunga mimi: uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi kwenda Nanyuki, traki (njia ya ndege juu ya ardhi) 010, umbali maili 77 za baharini, spidi ya ndege hewani noti 100 (za mwendo hizo, za benki zilishaisha kwenye ada), upepo 090 noti 20. Nikaweka chaguo nne, na mle ndani nikatega mitego ile ile ambayo mtu akikosea kwa namna inayojulikana lazima atue juu yake. 359 na 101 ilikuwa chaguo B. Akalipata kwenye gurudumu (kikokotoo cha mkono cha marubani, nakieleza chini), akaliona na kwenye karatasi, akaona freshi, akageuza ukurasa.

Kabla sijaendelea, huyu dogo ni mtoto wa mama yangu mdogo, mtu wa Tanga, ukoo wa wavuvi. Alikuja Nairobi kusomea leseni ya urubani binafsi, PPL, kwenye skuli moja ya pale Wilson ambayo siitaji. Mimi nilipita njia hiyo hiyo miaka ya nyuma, na siku ambazo siruki huwa nakaa na vijana wawili watatu hapa kwangu South C tunapiga msuli wa graundi, yaani masomo ya darasani. Dogo hakuwa mmoja wao. Alikuwa na ratiba yake na madesa yake, na kwa kweli alikuwa anajiona yuko vizuri kuliko hao wangu. Alikuja kwangu baada ya kula sapu ya pili, tena hakuja mwenyewe, mama yake ndo alinipigia simu, na ile simu siielezi hapa.

Sasa masomo yenyewe. Watu wengi wakisikia urubani wanafikiria usukani na miwani myeusi. Kiambatisho cha 1 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), ambacho nchi zote zilizosaini mkataba wa Chicago wa 1944 zinakifuata, kinataka uwe na miaka 17 na masaa 40 ya kuruka kwa PPL (35 kama skuli imeidhinishwa), lakini kinataka pia ujue sheria za anga, ndege na injini yake, pafomansi (uwezo wa ndege) na upakiaji, mwili na akili ya binadamu, hali ya hewa, navigesheni, taratibu za uendeshaji, kanuni za kupaa, na redio. Tisa hayo. Sehemu kubwa ya masaa hayo 40 unaruka na mtu pembeni anayekushika mkono, ila hayo tisa unaingia nayo kwenye chumba cha mtihani peke yako na penseli.

Dogo alikuwa kafaulu sheria, redio, binadamu, taratibu, kanuni za kupaa na injini, vyote mara ya kwanza na maksi za kutamba. Hali ya hewa kapita kwa kukwaruza. Navigesheni na Pafomansi kafeli mara mbili, na mara ya pili alishuka kuliko ya kwanza. Hapo ndo pa kujiuliza, maana mtu aliyesoma zaidi anashukaje?

Jibu la haraka, ambalo kila mtu alimpa, ni kwamba hajui hesabu. Si kweli, hesabu za form four alipata B. Jibu langu mimi la haraka lilikuwa kwamba amekariri. Hilo lilikuwa kweli nusu, na ile nusu ilinipotezea wiki mbili nzima.

Ngoja nieleze kuhusu kukariri maana watu wanalisema vibaya. Skuli yake ilikuwa na utaratibu wa kurusha slaidi ukutani asubuhi na mchana kugawa maswali ya zamani na majibu yake, mnayapitia mpaka yanakaa. Kwa sheria za anga hiyo inafanya kazi kabisa. Transponda (kifaa cha ndege kinachotuma namba kwa rada) 7500 ni utekaji, 7600 redio imekufa, 7700 dharura, hapo hakuna cha kuelewa, ni kumeza. Masafa ya dharura 121.5, meza. Kwenye redio useme tri, faifu, naina, meza na usione aibu. Ndo maana dogo alikuwa anafaulu haya kwa kishindo na kila akifaulu moja anaamini njia yake ni sahihi. Ila navigesheni namba zinabadilika kila swali. Anayekariri swali la upepo 240 hana msaada ukimpa 090.

Kwa hiyo nikajiambia tatizo ni kwamba hana picha ya upepo kichwani, nikamtengenezea somo la nguvu. Tukakaa pale kibanda cha chai, nikatandaza gazeti juu ya meza ya plastiki, nikaweka kiberiti juu ya gazeti. Nikamwambia meza ni ardhi, gazeti ni hewa, kiberiti ni ndege. Sukuma kiberiti kwenda mbele juu ya gazeti, taratibu, usikipindishe. Akasukuma, na mimi huku nalivuta gazeti kushoto. Kiberiti kikaenda mbele na kushoto kwa pamoja, kikatua pembeni kabisa na kikombe nilichosema ndo Nanyuki. Nikaona nimefundisha kitu kikubwa, nikamtazama usoni nione taa inawaka.

Dogo akaniangalia kwa adabu tu. "Braza, hilo nalijua. Babu akivuka Tanga kwenda Pemba si anaelekeza omo kusini, maana mkondo unavuta kaskazini. Akielekeza Pemba moja kwa moja anapitiliza."

Nikanyamaza. Mkondo wa Pemba kweli unavuta kaskazini, na wakati wa kusi unavuta kwa nguvu, na mtoto wa Tanga analijua hilo kabla hajajua kusoma. Nikamuuliza upepo wa 090 unatoka wapi, akasema mashariki, kama kaskazi inavyotoka kaskazini na kusi kusini, upepo unaitwa kwa unakotoka. Sawa kabisa. Yaani picha anayo, na pengine anayo kuliko mimi niliyekulia Dodoma. Halafu tukarudi nyumbani nikampa swali la Nanyuki, na akanipa 359.

Hebu fikiria huo upuuzi. Upepo unatoka kulia kwake, yeye mwenyewe kasema. Babu yake angegeuza omo kulia. Yeye gurudumu likamwambia ageuze kushoto, akaandika kushoto, akazungushia duara.

Ndo usiku huo nikaacha kuangalia majibu nikaangalia vidole.

Wasiolijua hilo gurudumu: ni kikokotoo cha kuteleza, upande mmoja duara za hesabu, upande wa pili kuna dirisha lenye kioo unachoandikia kwa penseli nukta ya upepo. Wamarekani wanatumia E6B, kazi ya Philip Dalton wa miaka ya 1930, na upande wa Uingereza na skuli nyingi zilizorithi njia zao wanatumia familia ya CRP. Vyote vinatatua pembetatu ile ile. Ila namna ya kuweka nukta inatofautiana. Kwenye njia ya Kimarekani unaweka nukta juu ya kitovu, unazungusha mpaka traki, halafu unatelezesha mpaka nukta ikae kwenye spidi ya hewani, unasoma graundispidi kwenye kitovu. Kwenye njia ya CRP unaweka nukta chini ya kitovu, kitovu ndo kinakaa kwenye spidi ya hewani, na unazungusha hedingi unarekebisha mpaka mteremko (digrii upepo unazokusukuma pembeni) uoane. Zote sahihi, chagua moja ufe nayo.

Dogo darasani alifundishwa nukta chini. Nyumbani, kwa vile mwalimu alipita haraka, akajifunza kwenye video za YouTube za Wamarekani. Mkono wake ukawa unaweka nukta chini kama mwalimu, halafu unaitelezesha ile nukta kwenye spidi kama Mmarekani. Ukichanganya hivyo unakuwa umegeuza upepo nyuma-mbele. Gurudumu linatatua kwa usahihi mkubwa kabisa swali la upepo wa 270. Hedingi 359, graundispidi 101, bila wasiwasi.

Na hapo ndo nikaelewa kwa nini mara ya pili alishuka. Mara ya kwanza alikuwa bado hajaijua vizuri ile njia ya video, anabahatisha, mengine yanaingia. Baada ya miezi ya mazoezi akawa fundi wa kukosea, anakosea kila swali kwa namna moja bila kutetereka.

Tuone ule upande wa mbele wa kosa, maana hii ni ndege. Akiruka hedingi 359 na upepo halisi ukitoka mashariki, hataenda 010. Atasukumwa mpaka traki kama ya 347, yaani digrii 23 kushoto. Ile kanuni ya moja kwa sitini inasema kila digrii moja ukikosea, baada ya maili 60 uko maili moja pembeni, kwa hiyo kwa maili 77 huyu atakuwa maili 29 hivi magharibi ya Nanyuki (kwa digrii nyingi hivyo kanuni inaanza kulegea, ila inatosha kututisha). Chukua ramani sasa uchore mstari wa 347 kutoka Wilson. Unaingia milima ya Aberdare. Kilele cha Lesatima chenyewe kiko kama 349 kutoka Wilson, mita 4,001, futi 13,100 na kidogo. Cessna ya mwanafunzi iko futi 9,500. Asubuhi nyeupe utauona mlima utageuza na utacheka baadaye, asubuhi ya mawingu sitaki hata kuandika.

Nilimchorea huo mstari. Hakusema kitu, akachukua rula akaupima mwenyewe upya.

Pafomansi ilikuwa ugonjwa ule ule umevaa nguo nyingine. Nikampa Wilson saa tisa mchana, joto 26, QNH (mgandamizo wa hewa kwa usawa wa bahari) 1021, kiwanja kiko futi 5,540, nipe densiti altitudo, yaani mwinuko ambao ndege inajihisi ipo kwa hewa ya siku hiyo. Yeye: 1021 imezidi 1013 ya kawaida kwa 8, mara futi 30 ni 240, akajumlisha, 5,780. Halafu joto la kawaida ni 15, amezidi 11, mara futi 120 ni 1,320. Jibu 7,100.

Makosa mawili humo. QNH ikiwa kubwa maana yake hewa ina mgandamizo zaidi, kwa hiyo ndege inajiona iko chini zaidi, unatoa hiyo 240, unapata 5,300. Na lile 15 ni joto la kawaida la usawa wa bahari, linashuka karibu digrii 2 kila futi elfu, kwa hiyo Wilson joto la kawaida ni kama 4 na nusu tu, amezidi karibu 22. Jumla inakuja futi 7,900. Mabaya yake ni kwamba makosa yake mawili yanavutana, moja linapandisha lingine linashusha, jibu linatoka na sura ya ukweli, futi 800 tu chini. Kosa lenye sura nzuri ndo baya maana halikustui. Nilimuuliza kwa nini 15 akasema "ndo joto la kawaida", na kwa mtu wa Tanga ambako ranwei iko karibu na maji hiyo 15 kweli haihitaji kushushwa, kwao kila kitu kinaanzia baharini. Wilson si Tanga.

La tatu lilinishangaza zaidi, variesheni, ile tofauti ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya dira. Karatasi zake nyingi za mazoezi zilikuwa za Afrika Kusini, ambako Johannesburg variesheni ni karibu digrii 20 magharibi. Kuna kishairi cha Kiingereza kinachokuambia magharibi jumlisha mashariki toa, yeye anakijua. Lakini kishairi kile kinafanya kazi ukitoka ramani kwenda dira, ukitoka dira kwenda ramani unakigeuza. Yeye alikuwa anakitumia pande zote mbili. Na hakuna mtu aliyewahi kumkamata, unajua kwa nini? Nairobi variesheni haifiki hata digrii mbili. Akikosea hapa anapotea digrii mbili tatu, mwalimu kwenye ndege haoni, yeye haoni, dira yenyewe inacheza zaidi ya hapo. Swali la Johannesburg akilikosea anapotea digrii 40. Kwa hiyo hewani yuko salama, kwenye karatasi anakufa, na anabaki kusema mtihani unamwonea. Hapo kidogo nilimwonea huruma, nchi yenyewe ilikuwa inamfichia.

Ukiyaweka pamoja, mtu huyu alikuwa na kichwa kizuri na hakuwa anakiuliza. Ya babu yake yako huku, ya gurudumu yako kule, hajawahi kuyakutanisha yagombane. Na mimi naye, nikiwa mkweli, nilimkuta na jibu langu mfukoni, "amekariri", nikamfundisha gazeti na kiberiti alichokijua tangu ana miaka sita. Wiki mbili hizo ni zangu mimi.

Tulichofanya kilikuwa kidogo sana. Kwanza video zikafutwa, nukta chini, basi. Pili, kabla hajagusa gurudumu anasema kwa sauti, kwa Kiswahili, vitu vitatu: upepo unatoka upande gani wangu, pua igeuke wapi, na mwendo utaongezeka au utapungua. Anaandika mshale mdogo pembeni ya swali. Ndo anachukua gurudumu. Likigombana na mshale anasimama, haendelei, mpaka ajue nani mwongo. Kwa pafomansi vilevile: leo hewa nzito au nyepesi kuliko kawaida, jibu langu liwe juu au chini ya mwinuko wa kiwanja, kadiria, halafu piga. Kwa variesheni alichora mishale miwili ya kaskazini, kila swali, hata yale rahisi, akaniambia anajiona mtoto wa darasa la nne, nikamwambia chora.

Kiswahili kilikuwa cha makusudi. Mtihani ni Kiingereza, redio ni Kiingereza na lazima ufike kiwango cha 4 cha ICAO, sibishani na hilo. Ila dogo kwa Kiingereza alikuwa anatoa sentensi za kwenye slaidi, zinatoka nzima nzima kama kasuku. Kwa Kiswahili hana sentensi ya kukariri, inabidi afikiri. Akisema "upepo unanitokea kulia" mkono wenyewe unainuka kulia. Sikuwa nimelipanga hilo, nililiona tu siku ya pili nikaliacha liendelee.

Siku za mwanzo ilikuwa mateso. Maswali kumi kila jioni, na kati ya kumi, matatu mpaka manne mshale na gurudumu havielewani. Mkono una tabia, unateleza wenyewe kwenda kwenye ile njia ya zamani. Wiki ya tatu ikawa moja. Wiki ya tano akaniletea swali kutoka kwenye madesa ya skuli akasema braza jibu waliloandika hapa limekosewa. Nikakagua. Kweli lilikuwa limekosewa, na yeye alikuwa amelimeza tangu mwaka juzi.

Mtihani wa tatu akapita vyote viwili. Maksi za kawaida, si za kutamba, na hazikuhitaji kutamba. Hali ya hewa bado simwamini, mpaka leo ukimuuliza BECMG na TEMPO (alama za mabadiliko ya hewa) kwenye TAF, utabiri wa hali ya hewa wa kiwanja, zinatofautianaje anasita kidogo halafu anajibu kama mtu anayesoma kwenye paji la uso wako. Hiyo ni kazi ya mwaka huu.

Juzi kaenda Nanyuki kweli, na mwalimu pembeni. Plani kapiga mwenyewe usiku, akanitumia picha, upepo wa mashariki tena, hedingi 019 safari hii. Plani ilisema Nyeri ipite chini dakika ya 35, maana Nyeri imekaa karibu kabisa na mstari wa Wilson kwenda Nanyuki.

Jioni akanitumia voisi. Anasema mlima ulikuwa wazi, mweupe juu, na pua ya ndege ilikuwa inautazama Mlima Kenya karibu uso kwa uso. Mwalimu akamuuliza unaenda wapi wewe, unaenda kupanda mlima? Akamjibu naenda Nanyuki. Mwalimu akanyamaza. Dakika ya 37 akachungulia dirisha la upande wake, paa za Nyeri zile pale chini.